Neno la Tatu

Alipiga saa nne usiku kutoka Kitangali,
sauti imembana kama aliyevunja chungu cha mkwewe:
"Imewameza. Wakulima wangu wote,
programu yako imewameza."

Mimi nipo Chikongola, Mtwara mjini, feni imekufa na umeme,
kompyuta imebakiza chaji ya kutamkia shahada.
Nisomee kilichopo, Bi Somoe.
"Nyota moja. Neno *Msimu*. Halafu nukta tatu."
Akanyamaza, nikasikia mbwa wa Kitangali.

Nukta tatu.
Niliziweka mwenyewe, asubuhi moja nimeshiba,
nikaona zimependeza.

Bonyeza kitufe chenye mishale miwili iliyopeana visogo,
kule kushoto, juu ya kile cha kukuzia herufi.
Akabonyeza. Pumzi ikamtoka.
"Wamerudi. Nalinga yupo. Mama Chitojo yupo.
Hata yule anayegombana na mzani wangu, yupo."

Hawakwenda popote, nikamwambia, walikunjwa tu, kama mkeka.
"Mkeka ukikunjwa, mtu anauona ni mkeka.
Wako ukikunjwa unabaki uzi."

Usiku ule ule, umeme uliporudi,
nikaandika badiliko moja: mwisho wa kila kichwa kilichokunjwa
itokee *mistari 214 imefichwa hapa*.
Kazi ya robo saa.
Yeye ilikuwa imemla jioni nzima.

Kabla yangu chama chao kilikuwa na programu ya kununua.
Mwenye nayo alihama na ufunguo,
misimu miwili ya korosho ikabaki ndani, haifunguki,
kama ghala lililopotelewa na mlango.
Ndiyo maana yangu ni maandishi matupu:
mstari, nyota, neno BADO, neno TAYARI.
Hata nikifa, nilikuwa nikijisifu,
simu yoyote ya tochi ya mkopo itaweza kuyasoma.

Neno la tatu nilikwisha kuombwa.
Mwalimu wa Nachingwea aliliomba,
na fundi jenereta mmoja wa Lindi, mara mbili.
Niliwajibu kwa ubishi wa kijana asiye na deni:
kila jambo duniani, ama bado, ama tayari.

Mwezi wa kumi na moja akapiga tena, safari hii mchana,
bila haraka.
"Nalinga amefariki. Magunia yake saba yapo ghalani,
mnada umepita, hela haijaingia.
Nikiacha BADO, programu inanikumbusha kila asubuhi:
*mpigie Nalinga.*
Leo ni siku ya tatu inanituma kwa marehemu.
Nikiandika TAYARI nimesema uongo, na mjane yupo.
Niandike nini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu ya kila hitilafu.
Hili sikuwa nalo.
Nikamwambia nipe siku mbili, nikatumia tano,
maana maneno yale mawili nilikuwa nimeyashindilia kila mahali,
kwenye rangi, kwenye hesabu, kwenye kengele ya asubuhi,
na kila nilipong'oa moja, kitu kingine kililia.

Sasa mtu anaandika maneno yake juu kabisa ya faili,
mangapi atakayo, na programu inatii.
Sikumwuliza alichagua lipi.
Nililiona Januari, aliponitumia faili
nimtazamie jumla isiyokubali kulingana:

*\* KAPUMZIKA Nalinga, magunia saba.*
*Malipo kwa mkewe, Bi Atuna.*
*Mpigie yeye. Si kabla ya saa tatu.*

Jumla ilikosea kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi. Nikaifuta.
Kisha nikaona kingine:
BADO ni nyekundu, TAYARI ni kijani,
neno lake halina rangi, limesimama jeupe kwenye kioo.

Kwenye faili langu mwenyewe la kazi, mstari huo upo:
*BADO kulipa rangi neno la tatu.*
Kila asubuhi kengele inalia, nami nalisogeza hadi kesho.